Barabara ni ya nani saa mbili ya asubuhi?

Jumatatu moja tuliingia katika motokari ya misioni kwenda mjini kununua chaki na madaftari ya watoto. Motokari ile ina viti saba, na ndani yake tulikuwamo sisi na shofere tu. Ilipokaribia saa mbili ya asubuhi tulifika karibu na soko, na hapo msururu ukasimama. Mbele motokari, nyuma motokari, kandokando mikokoteni na watu wenye mizigo kichwani. Tukaanza kunung'unika kama wengine wote.

Nyuma yetu motokari moja ilikuwa ikipiga honi bila kunyamaza. Tulikasirika, tukasema kwamba huyo hana adabu, kwani yeye haoni kwamba njia imefungwa? Baadaye kijana mmoja akatoka ndani yake, akaja mbio, akagonga dirisha letu. Alikuwa na dada yake mwenye uchungu wa kuzaa, akatusihi tumpishe. Tungempisha wapi? Hata mtu wa miguu alipita kwa shida. Mwishowe wanaume wanne walimtoa yule mama, wakamchukua mikononi hata pikipiki iliyokuwa ikingoja ng'ambo ya soko, nasi hatukupata tena habari yake. Tulipofika dukani tuliambiwa kwamba chaki zimekwisha.

Jioni tulijiuliza ni nani aliyemfungia njia mama yule. Shofere wetu alijibu upesi, "Mwalimu, ni serikali. Barabara ni nyembamba." Labda. Lakini njia ile ilifungwa na motokari, na moja kati yao ilikuwa ya viti saba, yenye watu wawili waliokwenda kutafuta chaki ambazo zingeweza kungoja hata saa nne. Hatukuvunja sheria yoyote. Kila mtu katika msururu ule alikuwa na haki ya kupita, na kila mmoja alikuwa na safari yake ya halali. Hata hivyo sisi sote pamoja tulitenda neno ambalo hakuna mmoja wetu angekubali kulitenda peke yake. Hilo ndilo jambo tunalotaka kuliangalia hapa: haki ya mmoja-mmoja inapojumlishwa ikawa madhara ya wote, yatupasa kufanya nini?

Jibu la shofere lafaa kusikilizwa kwanza, maana ni jibu la watu wengi. Barabara ikiwa nyembamba, ipanuliwe. Huko Houston, katika nchi ya Marekani, wameijaribu dawa hiyo kwa nguvu kuliko mahali pengi duniani. Barabara yao iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa mpaka mwaka 2008 kwa feza karibu dola bilioni 2.8, hata mahali pengine ukihesabu pamoja na njia za kando wapata njia 26 zilizopangana. Kwa muda safari zikawa nyepesi. Kisha, kabla ya miaka kumi kupita, msongamano wa asubuhi na jioni ukarudi. Sababu yake si uchawi. Barabara ikiwa nyeupe, aliyekuwa akiamka mapema huamka sasa kwa raha yake, aliyekuwa akipanda basi hununua motokari, aliyekuwa akikaa karibu na kazi hujenga mbali. Nafasi mpya huita wageni wapya, hata meza ikajaa tena. Hatusemi kwamba barabara zisijengwe. Huku kwetu ziko nyingi zinazolilia kujengwa, na daraja lililovunjika halitengenezwi kwa mawazo mazuri. Lakini katika mji mkubwa uliojaa, saa ya watu wote kwenda kazini, kupanua peke yake hakutoshi.

Basi, ikiwa nafasi ni chache na watu ni wengi, lazima kugawanya. Fikirini bomba moja la maji katika mtaa. Waweza kugawanya kwa mstari: anayefika kwanza huteka kwanza. Waweza kugawanya kwa zamu: leo upande huu, kesho upande ule. Waweza kugawanya kwa haja, ukimtanguliza mwenye mgonjwa. Waweza kugawanya kwa bei. Barabara zetu zote twazigawanya kwa mstari, na kwa sababu tumezoea, twadhani kwamba mstari ni bure na kwamba mstari ni haki.

Lakini mstari si bure. Bei yake ni saa za watu. Tena hulipwa na wasiostahili. Tazameni basi lenye abiria hamsini lililosimama nyuma ya motokari hamsini zenye mtu mmoja-mmoja. Wale hamsini wa basi wanatumia nafasi ndogo sana ya barabara, nao wanalipa saa ileile sawasawa na wale walioijaza. Mwenye motokari amekaa penye kivuli anasikiliza redio; mama wa basi amesimama, na mwanawe mgongoni. Tena saa hizo zilizolipwa hazimwendei mtu yeyote. Feza ikilipwa, kuna anayeipokea. Saa ikilipwa katika msururu, imeteketea kama mafuta yaliyomwagika. Mtaalamu mmoja, William Vickrey, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alilisema jambo hili tangu miaka ya 1950: kwamba nafasi ya saa ya msongamano ilipishwe zaidi kuliko nafasi ya saa nyingine, katika treni na hata barabarani. Wengi walimwona kuwa mtu wa ndoto. Alipewa tuzo la Nobel mwaka 1996, akafa siku tatu baada ya kutangazwa. Mji wake New York ulianza kupisha motokari kwa bei tarehe 5 Januari 2025, dola 9 mchana kwa motokari ndogo iingiayo sehemu ya kusini ya Manhattan.

Wa kwanza kujaribu walikuwa watu wa Singapuri. Mwezi wa Juni 1975 walizungushia katikati ya mji wao mpaka, wakaamuru kwamba motokari iingiayo asubuhi kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu iwe na karatasi iliyonunuliwa kwa dola 3 za kwao kwa siku. Mabasi hayakulipa. Motokari yenye watu wanne au zaidi haikulipa pia, na neno hilo latupendeza, kwa sababu lilimwuliza kila mwenye motokari: hivyo viti vingine ni vya nani? Watu wakaanza kusimama njiani wawe abiria wa nne wa mtu wasiyemjua. Motokari za asubuhi zilipungua zaidi ya thuluthi moja. Lakini mwanadamu ni mwanadamu. Wengine walingoja nje ya mpaka, na ilipopiga saa tatu na nusu wakaingia wote kwa mara moja, hata ikalazimu saa ya mwisho isogezwe mbele.

Huenda msomaji atauliza jinsi gani kupunguza motokari chache kunaweza kufungua mji. Chukua chupa na maharagwe. Ukiyamimina yote kwa pupa, yatasongamana mdomoni wala hapana litakaloingia. Ukiyamimina polepole, yatapita yote, tena upesi kuliko mara ya kwanza. Barabara iliyojaa ni kama mdomo ule. Ukiondoa motokari moja katika tano, zile nne zilizobaki hazipati faida kidogo tu, bali zaanza kutembea.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, nao ndio mfano tunaotaka kukaa nao, kwa kuwa wale hawakutazama barabara tu, walitazama pia moyo wa raia. Mwezi wa Agosti 2005 waliongeza kwanza mabasi, karibu 200 mapya. Miezi ikapita, na motokari hazikupungua kwa kadiri ya kuonekana. Basi zuri peke yake halikumtoa mtu katika motokari yake. Ndipo tarehe 3 Januari 2006 wakaanza kulipisha: kila kuvuka mpaka wa mji, kuingia au kutoka, kati ya kroni 10 na 20 kwa kadiri ya saa, wala si zaidi ya 60 kwa siku. Usiku, Jumamosi na Jumapili, bure. Motokari zivukazo mpaka zikapungua karibu moja katika tano. Wengi waliozoea kwenda kazini kwa motokari waliingia katika treni na mabasi. Wengine waliunganisha safari mbili zikawa moja, na wengine waliona kwamba safari fulani haikuwa na maana sana.

Tangu mwanzo raia waliambiwa kwamba ni jaribio, na kwamba wataulizwa. Tarehe 31 Julai kulipisha kukakoma, na motokari nyingi zikarudi. Tarehe 17 Septemba wakapiga kura, na katika mji wa Stockholm waliokubali walizidi waliokataa kwa kiasi kidogo. Katika miji midogo ya kando iliyopiga kura yake, wengi walikataa. Kulipisha kulirudi mwezi wa Agosti 2007, na kungali kuko. Kabla ya jaribio waliokubali hawakufika wanne katika kumi. Miaka michache baadaye walikaribia saba. Na wataalamu walipowauliza watu mawazo yao ya zamani, wengi waliobadilika hawakukumbuka kwamba walibadilika. Walidhani kwamba walikubali tangu mwanzo! Hapo sisi walimu tuna neno la kufikiri kuhusu jinsi tunavyojijua wenyewe.

Habari hizi tulimsimulia mzee mmoja wa parokia yetu, aliyezaliwa wakati wa Wabelgiji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, baba yangu aliilima barabara ile kwa jembe, kijiji chetu kizima kililazimishwa, na wasiotokea walitiwa kifungoni. Bulamatari alitutoza kodi ya kichwa juu yake. Leo mjukuu wa baba yangu alipe tena ili apite juu ya jasho la babu yake?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na mpaka leo twaona kwamba neno lake ni zito kuliko mengi yaliyoandikwa na wataalamu. Kitu kilichotengenezwa kwa jasho la wote, mtu atakiuzaje kwa wenye feza? Tulimwambia hivi: "Mzee, barabara ni yenu, wala hapana mwenye haki ya kuwauzia. Lakini nafasi ya saa mbili ya asubuhi ni kidogo, na mtu akiichukua anamnyang'anya mwingine. Anacholipa si bei ya barabara, ni fidia ya yule aliyemzuia." Akacheka. "Basi fidia hiyo apewe huyo aliyezuiwa. Mbona naona itaingia katika mfuko wa mwingine?"

Mzee alikuwa amegusa mahali penyewe. Kulipisha kwaweza kuwa haki au wizi, na tofauti yake si kiasi cha feza, bali njia ifuatayo feza ile ikisha kulipwa. Huko London walianza tarehe 17 Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, na sheria yao iliamuru kwamba faida yake itumike kwa usafiri wa watu, na mabasi yaliongezwa kabla ya siku ile ya kwanza. Feza yatoka kwa aliyejaza barabara, yamwendea aliyesimama katika basi. Hiyo yafanana na fidia. Feza ileile ikienda kununua viti vya ofisi, ni ushuru wa kuvuka kama ule wa watu wenye bunduki na kamba njiani, ambao sisi twaujua vizuri.

Wengine watasema: hata hivyo tajiri atalipa bila kuhisi, na maskini atashuka. Ni kweli, wala tusilifunike. Wapimaji wa Stockholm waliona kwamba waliolipa zaidi walikuwa watu wenye mshahara mkubwa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakienda mjini kwa motokari kila siku, na wenye mali kidogo walikuwa tayari katika treni. Neno hilo latuliza kidogo. Lakini hesabu ya wengi haimfariji mmoja. Yuko mtumishi wa hospitali anayeanza kazi kabla basi la kwanza halijaja. Yuko baba mwenye mtoto kilema. Kwa hawa bei ni mzigo wa kweli, na serikali yenye haki yapaswa kuwatafuta kwa majina na kuwasamehe kabla ya kuanza, isingoje walalamike.

Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana. Huko Haifa, katika nchi ya Israeli, wataalamu wawili waliangalia shule kumi za watoto wadogo. Wazazi wengine walikuwa wakichelewa kuja kuchukua watoto wao, na walimu wakabaki wakingoja. Katika shule sita waliweka faini ndogo kwa mwenye kuchelewa. Kumbe waliochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili! Zamani mzazi aliona haya mbele ya mwalimu. Sasa aliona kwamba amenunua saa ya mwalimu, na haya ikatoka. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Habari hiyo ilichapwa mwaka 2000, nasi twaikumbuka kila tunaposikia kwamba feza itatengeneza tabia. Mwenye motokari akisha kulipa aweza kusema, "Nimelipa, simdai mtu wala mtu hanidai," akapiga honi nyuma ya basi bila kujali. Kulipa kunaweza kuondoa msongamano na kuacha moyo ulivyokuwa.

Na wako wakubwa wasiolipa kabisa. Ubalozi wa Marekani huko London umekataa kulipa tangu mwaka 2005, ukisema kwamba jambo lile ni kodi, na kwa mapatano ya Vienna ya mwaka 1961 balozi halipi kodi. Watu wa London hujibu kwamba si kodi, ni malipo ya huduma. Deni limepita pauni milioni 14. Tumwachie mwanasheria neno la kodi. Lakini mtu wa kawaida anayetozwa faini akichelewa siku moja, anapoona motokari nyeusi ya ubalozi inapita, atafikiri nini juu ya sheria?

Tena kuna neno la kuulizwa. Göteborg, mji mwingine wa Uswidi, ulianza kulipisha mwezi wa Januari 2013. Mwaka 2014 raia walipiga kura, na zaidi ya nusu wakakataa. Kulipisha kukaendelea, kwa kuwa feza ilikuwa imekwisha kupangiwa kujenga njia na reli. Twaona kwamba hilo ni baya, hata kama hesabu zao zilikuwa safi. Ukiisha kufunga mapatano juu ya feza, usimwite mtu kupiga kura kwa mchezo.

Na sisi huku? Zamu tumeionja kidogo. Mwisho wa Oktoba 2024 huko Kinshasa serikali ilijaribu kuzifanya barabara kubwa kadhaa kuwa za upande mmoja kwa saa: asubuhi zielekee mjini, jioni zirudi. Mwenye safari ya kinyume alijikuta akitembea kwa miguu mwendo mrefu. Mexico walijaribu zamu ya namba za motokari tangu mwaka 1989, na jamaa wengine wakanunua motokari ya pili iliyochakaa, yenye namba nyingine. Kila dawa ina mlango wa nyuma. Lakini mfano wa Stockholm hatuwezi kuubeba ulivyo na kuutua katika miji yetu, kwa maana Stockholm ilikuwa na treni chini ya ardhi tangu mwaka 1950, na aliyeacha motokari alikuwa na mahali pa kuingia. Kwetu sehemu kubwa ya watu huenda kwa miguu, na mtu wa miguu hahesabiwi na yeyote. Tukisema juu ya haki ya barabara, tungeanza na yeye. Ukingo wa njia uliochukuliwa na motokari zilizosimama ulikuwa wake.

Mzee wetu tulimweleza hayo yote jioni nyingine. Akasema kwamba yeye angekubali kulipa, hata na mjukuu wake angelipa, ila basi lije kwanza, nalo lije kila siku kwa muda wa mwaka mmoja, ndipo waje na kisanduku cha feza. Tukamwuliza kama wenye motokari nao wangekubali. Akajibu kwamba hajui, yeye hana motokari. Sisi ndio wenye viti saba.

Tangu siku ile motokari ya misioni haiendi tena mjini Jumatatu asubuhi. Huenda Jumatano baada ya saa nne, na shofere hupitia kwanza kwenye kituo cha afya kuuliza kama kuna mtu wa kupelekwa. Mara nyingi wapo watatu au wanne. Chaki tunanunua tukirudi.